Nailoni ya Mtumba Juu ya Nyanya za Masika

Anayelima nyanya kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru hasumbuliwi sana na maji ya ardhini. Udongo wetu wa volkano unayanywa haraka. Taabu iko juu, kwenye jani. Masika yakishika, kuanzia Machi hadi Mei, ukungu unashuka kutoka msituni jioni, na kunapokucha majani bado yanadondosha maji. Ugonjwa wa bakajani chelewa hauhitaji zaidi ya hapo: ubaridi kiasi na jani lililolowa kwa saa nyingi. Leo unaona doa la kijani cheusi pembeni mwa jani. Wiki haijaisha, shina limekuwa jeusi na matunda yana mabaka magumu ya kahawia. Unapulizia dawa asubuhi, mvua inaiosha mchana, unarudi kupulizia tena. Wengi huku wanaliacha zao hilo msimu huo, ndiyo maana nyanya zinapanda bei wakati mboga nyingine zimejaa sokoni.

Mimi sikutaka kuliacha. Nilikuwa nimechoka kupulizia sumu juu ya kitu ambacho wanangu wanakichuma na kukila papo hapo. Banda la kununua, la vyuma na nailoni mpya, lilikuwa nje ya uwezo wangu. Nilikuwa na eneo dogo nyuma ya nyumba, mianzi kwa shemeji yangu, na nguvu za mikono. Kilichobaki ni kupata cha kufunikia.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kujiuliza mapema: paa hili linakuja kufanya kazi gani? Mabanda ya nailoni yalizaliwa kwenye nchi za baridi. Mwaka 1948 Profesa Emery Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, alifunika banda la mbao kwa karatasi ya selofeni kwa kuwa kioo kilikuwa ghali mno. Kwa hiyo hata mwanzo wa mambo haya ulikuwa wa kubuni kwa kilichopo, na hilo linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Lakini kule watu walitaka kuhifadhi joto, na tundu dogo lilikuwa hasara. Sisi tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta. Hata katikati ya masika jua likitokeza saa nne asubuhi, unavua sweta. Joto tunalo. Tunachohitaji ni mwavuli, na mwavuli hauna kuta.

Ukishalikubali hilo, mengi yanakuwa mepesi. Huhitaji karatasi moja kubwa isiyo na kiraka, wala kuziba kila upenyo. Vipande vilivyokwisha kutumika, ambavyo mkulima wa nchi ya baridi angevikataa, vinaweza kukutosha kabisa. Ila si kila kipande.

Turubai la bluu ndilo la kwanza kutajwa na kila mtu. Mvua linaizuia vizuri, lakini linazuia na mwanga. Jirani yangu alifunika kitalu cha miche kwa turubai. Miche ikarefuka, ikapauka, ikalalia upande wa jua. Turubai lile linakata sehemu kubwa ya mwanga mwekundu, na huo jani linautegemea sana katika kujitengenezea chakula. Mimi nalitumia kama kizuizi upande unakotoka upepo, si zaidi. Viroba vilivyoshonwa pamoja ni hivyo hivyo, tena vinavuja kwenye mishono.

Nailoni za magodoro zinavutia zaidi. Ni angavu, ni pana, na wenye maduka hukupa bure ukiwaomba kwa heshima. Nilizitandaza juu ya kitalu kidogo ili nijue zinadumu kiasi gani. Zilinivusha kipindi cha miche, kisha zikaanza kukauka na kupasuka kwenye mikunjo. Hazina kinga yoyote dhidi ya miale ya jua. Plastiki ya kawaida ikipigwa na jua la huku hukatika ndani kwa ndani, taratibu, huku kwa macho ikionekana nzima. Siku unayoigusa inamomonyoka mkononi. Kwa miche ya wiki chache inafaa. Kwa paa la nyanya linalotakiwa kusimama miezi, hapana. Na kinachoniuma mimi ni vile vipande. Nailoni iliyokufa haitoki nzima. Inavunjika vipandevipande vinavyozama kwenye udongo, na kuviokota ni kazi ya kupiga magoti. Mbuzi nao wanavila pamoja na majani.

Nailoni ya wajenzi, ile inayotandikwa chini kabla ya kumwaga zege, ni nene, na watu hudhani unene ndio uimara. Unene unasaidia isichanike. Dhidi ya jua unasaidia kidogo tu. Ile nyeusi haina kazi juu ya mmea, na ile angavu isiyo na kinga itakufa vilevile, ikichelewa kidogo. Nailoni halisi ya mabanda mara nyingi ina unene wa maikroni 200, yaani sehemu ya tano ya milimita. Muuzaji akikutajia unene kwa geji, gawanya kwa nne: geji 800 ndiyo maikroni 200. Lakini kinachoipa maisha ya miaka mitatu na zaidi ni dawa ya kuzuia miale iliyochanganywa humo ilipokuwa ikitengenezwa, na dawa hiyo huwezi kuiona kwa jicho.

Basi nikazifuata nailoni zilizotoka kwenye mabanda makubwa. Wilaya yetu ya Arumeru ina mashamba ya maua na ya mboga yaliyofunikwa, na paa zao hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Zile za zamani hutoka, zikakunjwa, zikauzwa. Mzee mmoja anaziuza kando ya barabara, naye ndiye aliyenifundisha kuzichagua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unafunika nini?"

"Nyanya. Za masika."

"Basi hiyo ya juu iache. Njoo huku nyuma."

Akakunjua rundo jingine, akanishika mkono akauweka juu ya mstari mmoja uliopauka. "Usiangalie katikati. Katikati kila nailoni ni nzuri. Angalia palipokuwa panakalia chuma."

Na kweli. Chuma kikipata jua kinachemka, na nailoni inayokigusa inazeeka haraka kuliko iliyo hewani. Mistari hiyo ndiyo inayopasuka kwanza. Alinionyesha kuibana kwa vidole gumba viwili na kuivuta: iliyo hai inanyumbuka na kuwa nyeupe kabla ya kukatika, iliyokufa inakatika ghafla bila kunyumbuka. Kisha unaikunja, unapitisha ukucha juu ya mkunjo kwa nguvu, unaikunjua na kuitazama dhidi ya jua. Ukiona nyufa ndogondogo, rudisha.

La pili alilonieleza sikuwa nimelisikia popote. Nyingi ya zile za juu zilikuwa zimefunika waridi. Kwenye mabanda ya waridi huyeyushwa salfa usiku ili mvuke wake uzuie ugonjwa wa ubwiri unga. Salfa hiyo inatua pia kwenye nailoni na kuila ile dawa ya kuzuia miale. Kwa hiyo nailoni ya waridi inaweza kuwa na umri mdogo na bado ikawa imechoka. Nikachukua iliyotoka kwenye banda la miche ya mboga, vipande vya upana wa mita nne, na mzee akanipunguzia kwa sababu vilikuwa na matundu ya misumari pembeni. Tangu hapo mimi mwenyewe sipulizii salfa chini ya paa hilo.

Kuosha kulichukua muda kuliko nilivyotarajia, na singemshauri mtu aruke hatua hiyo. Nailoni ya shamba inakuja na vumbi, ukijani unaoota penye unyevu, na mabaki ya dawa usizozijua. Nilivaa glavu, nikaitandaza juu ya nyasi, nikaosha kwa sabuni ya kawaida na kitambaa laini. Brashi ngumu inaikwaruza. Sikuiosha kwenye mfereji. Huku kwetu mfereji mmoja unanywesha mashamba ya watu wengi, na maji yanayotoka kwako ndiyo yanayoingia kwa mwenzako. Ilipokauka, mwanga uliopita ulionekana tofauti kabisa.

Kuna na suala la upande. Nailoni nyingi za mabanda zina upande uliotiwa dawa ya kutandaza matone, ili unyevu uteleze kuelekea pembeni badala ya kudondokea majani. Nyunyizia maji pande zote mbili: upande ambao maji yanatandaa ndio unaokwenda ndani, ule yanakokusanyika matone uende nje. Kwa nailoni iliyotumika huenda dawa hiyo imeisha, lakini kujaribu hakugharimu kitu.

Kiunzi nilikizungumza na fundi. Yeye alitaka tupinde paipu nyeupe za PVC. "Dada, hizi zinapinda vizuri na haziozi." Ni kweli zinapinda. Lakini PVC ina klorini, nayo inaishambulia nailoni pale zinapogusana, hasa zikipata joto. Anayezitumia azifunge kitambaa au mkanda mweupe sehemu yote inayogusa. Sisi tulichana mianzi. Vifundo vyake vina ncha kali, tukavikwangua kwa kipande cha kioo hadi mkono ukapita juu yake bila kukwaruzwa, kisha nikavizungushia vitambaa vya kanga zilizochakaa. Kazi hiyo inaonekana ndogo, na ndiyo iliyookoa nailoni. Karibu kila paa lililochanika ambalo nimelikagua hapa kijijini lilianzia kwenye kitu kilichogusa: msumari, kifundo, ncha ya waya wa kufungia nondo.

Kwa kuwa nyanya zinapanda juu na mtu anatakiwa kuingia bila kuinama, matao yetu hayakuanzia ardhini. Tulisimamisha mirunda ya mita moja kutoka ardhini, miguu yake tukiipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, na matao tukayapandisha juu yake. Upana wa banda ni mita 3. Nusu duara ya upana huo ni mita 4.7, nikaongeza sentimita 40 kila upande za kuviringisha kwenye fito, nikakata vipande vya mita 5.5. Vipande viwili vya mtumba vilitosha banda la urefu wa mita 7, vikipandana kwa zaidi ya sentimita 30. Chini ya hapo, ile mita moja ya ubavu ni wavu tu.

Siku ya kufunika inachaguliwa na upepo. Subiri asubuhi isiyo na upepo kabisa, hata kama fundi ana haraka. Kuhusu jua, nailoni inalegea ikipata joto na kujikaza ikipoa. Ukiifunga alfajiri inapokuwa imejikaza, mchana italegea na kuanza kupigapiga; na kupigapiga ndiko kunakoichana, zaidi hata ya upepo mkali wenyewe. Sisi tulivuta kati ya saa nne na saa sita, jua likiwa limeipasha. Kipande cha mashariki tukakilaza juu ya kile cha magharibi, kwa sababu upepo wetu mwingi unatoka mashariki na haupati mdomo wa kuingilia.

Kwenye maungio nilijaribu selotepu pana. Jua liliikausha gundi kabla msimu haujaisha. Kinachodumu ni kuchukua kingo mbili pamoja, kuziviringisha kwenye ufito mara kadhaa, na kuufunga ufito juu ya tao. Tundu dogo linaweza kuzibwa kwa pasi ya moto wa wastani: kiraka cha nailoni hiyo hiyo, karatasi juu yake, unapitisha pasi taratibu hadi vishikane. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, maana nailoni hii inayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 110 na pasi ya mkaa inapita hapo kwa urahisi.

Pembeni, ufito ulioviringishwa tuliupigilia kwenye mirunda kwa misumari ya bati, kila msumari ukipita kwenye kifuniko cha soda na kipande cha tyubu ya baiskeli chini yake. Bila kifuniko, msumari unakata. Juu ya nailoni, katikati ya kila matao mawili, tulipitisha kamba ya katani kutoka upande hadi upande. Katani ina tabia nzuri: ikilowa inajikaza, kwa hiyo dhoruba inapokuja kamba ndizo zinazokaza paa. Zikikauka zinalegea, ndiyo maana kila kamba mwisho wake niliufungia kipande cha tyubu kinachonyumbuka.

Mvua kubwa ya kwanza ilionyesha pa kurekebisha. Mgongoni, nailoni ilishuka kati ya matao, maji yakatuama. Maji ya kina cha sentimita moja juu ya mita moja ya mraba yana uzito wa kilo 10, na yakishaanza kutuama yanavuta nailoni chini na kukaribisha mengine. Tuliongeza ufito mmoja mrefu mgongoni na miwili mabegani, na matao ya katikati tukayasogeza yakawa karibu, kama sentimita 80. Maji hayajatuama tena.

Chini ya paa maisha yanabadilika, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Majirani walishangaa kuniona nikibeba ndoo za maji wakati wa masika. Mmea uliofunikwa haupati mvua, unakutegemea wewe. Ukimwagilia leo sana na kuuacha hadi uanze kunyauka, matunda yanaoza kitako hata kama ugonjwa wa majani haupo. Kwa hiyo nilichana mianzi minene katikati, nikaifunga chini ya kingo za paa ikawa mifereji, maji yakaelekea kwenye mapipa. Paa la mita 3 kwa 7 linakusanya lita 420 kwa mvua ya milimita 20. Hata nusu ya hizo zikipotea pembeni, zilizobaki zinatosha mimea yangu siku kadhaa.

Hewa sipunguzi. Kuna jamaa aliyefunika banda lake hadi chini pande zote, akazika na kingo kwenye udongo, kama alivyoona kwenye picha. Asubuhi ndani kulikuwa na matone kila mahali, na bakajani ikaingia kana kwamba hakuna paa. Mchana joto likapanda, na nyanya zikipita nyuzi 32 hadi 35 chavua inapoteza nguvu na maua yanapukutika. Lake na langu yalitumia nailoni ya rundo moja. Alipoinua kingo na kuacha ubavu wazi, mambo yalibadilika ndani ya msimu huo huo.

Paa halizuii kila adui. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, aliyeonekana nchini mwaka 2014 huku huku Arusha, anaingia kwa mlango wowote. Utitiri unapenda ukavu, na chini ya paa majani hayaoshwi na mvua, hivyo ninayageuza kila mara kuangalia upande wa chini. Vyandarua vilivyochakaa, visivyofaa tena kitandani, nimevifunga ubavuni. Vinapunguza nondo lakini inzi weupe wanapita kwenye matundu yake. Chandarua kizima ni cha kulalia, sitakifunga shambani hata kiwe cha bure.

Wapo walioniuliza kama nailoni hii haijapigwa marufuku. Katazo la Tanzania lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, na kanuni zake ziliacha nafasi kwa plastiki za kilimo. Lakini ruhusa haiondoi wajibu. Mimi naishusha nailoni yangu jua kali linapoanza, Januari na Februari, wakati hakuna mvua ya kuzuia. Naiosha, naikausha kivulini, naikunja bila kuiminya na kuiweka ghalani mahali penye giza, panya wasipofika. Kila mwezi inaokaa gizani ni mwezi ambao jua halikuila. Pale inapoanza kukataa mtihani wa ukucha, sisubiri ipasuke juu. Naitoa ingali nzima, nakata sehemu zilizo hai kwa ajili ya vitalu vya miche, na iliyobaki naikunja safi na kuwapa wanaokusanya plastiki. Sichomi, kwa sababu moshi wake tunauvuta sisi na watoto.

Sasa kila kipande nakiandika kwenye kona kwa kalamu ya wino mzito: kimetoka kwenye banda la zao gani, kilipanda juu mwezi gani, kilishuka lini. Mzee wa barabarani aliponiona nikifanya hivyo aliniomba kalamu, akaanza kuandika "ya waridi" kwenye marundo yake.